Malahaba Kutoka Namba ya Shangazi

Shangazi yangu, dada yake baba, aliwahi kunipigia simu kutoka Murusagamba kuniambia kwamba kompyuta yangu haina adabu.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kazi Biharamulo mjini, kwenye ofisi ndogo ya chama cha wakulima, nikiandika programu za tovuti. Chama kilikuwa kimegawa vipima mvua katika wilaya mbili, Ngara na Biharamulo. Kipima chenyewe ni mrija wa plastiki wenye mistari, unafungwa kwenye nguzo mahali pa wazi, na maji yanayoingia ndiyo yanayosomwa. Kila asubuhi programu yangu iliwatumia wasomaji ujumbe kwenye simu kuwauliza mvua ya jana ilikuwa milimita ngapi. Wao walijibu kwa tarakimu, na tovuti ikachora ramani. Penye mvua palitokea nukta ya bluu, na pakavu nukta ya kijivu.

Shangazi alikuwa msomaji wetu wa Murusagamba, kule karibu na mpaka wa Burundi nilikozaliwa. Ujumbe wa kwanza ulipomfikia, hakujibu. Alipiga.

"Hii kompyuta yako imelelewa na nani?"

"Kwani imefanya nini, shangazi?"

"Inaamka asubuhi inaniuliza mvua. Haijanisalimia. Mimi ni rika lake?"

Nilicheka, lakini nilijua hatanyamaza mpaka nirekebishe. Nikaongeza mistari kwenye programu ili watu wazima waanze kusalimiwa: shikamoo, kisha jina, kisha swali. Tangu siku hiyo alijibu bila kukosa. "Malahaba. 6." "Malahaba. 0." Kwetu l na r hubadilishana mdomoni, na shangazi aliandika kama alivyotamka. Programu ilichukua tarakimu na kuacha neno lile. Mimi nililisoma kila asubuhi kabla ya chai.

Lugha niliyotumia, na ninayotumia hadi leo, ni PHP, mojawapo ya lugha za kuandikia tovuti. Humo taarifa za aina moja tunaziweka kwenye kitu kinachoitwa safu. Ni kama kabati la droo: kila droo ina lebo nje na kitu ndani. Kwetu lebo ilikuwa namba ya simu ya msomaji, na ndani mlikuwa na jina lake, kijiji chake na mahali pake kwenye ramani. Safu ya Ngara niliitunza mimi. Ya Biharamulo aliitunza mwenzangu wa ofisini, Msubi mmoja mpole, mwenyeji wa pale, aliyekuwa anajifunza kazi hii kwangu. Kabla ya kutuma ujumbe wa asubuhi, programu iliziunganisha safu hizo mbili zikawa moja.

Kuunganisha kuna sheria zake. Droo mbili zenye lebo moja haziwezi kukaa kwenye kabati moja, kwa hiyo inabaki moja tu. Ukitumia amri ya array_merge, ile ya pili inachukua nafasi ya ile ya kwanza. Ukitumia alama ya kujumlisha, ya kwanza inabaki na ya pili inatupwa. Nilimfundisha mwenzangu hayo siku tulipokaa pamoja mara ya kwanza. Nilihitaji mfano, nikachukua droo iliyokuwa karibu na moyo wangu, ya shangazi, nikainakili kwenye safu yake ili aone mwenyewe kwamba mbili zinakuwa moja. Akaona. Tukaendelea na mengine.

Shangazi alifariki masika, baada ya kuugua muda mfupi. Tulimzika nyuma ya nyumba, pembeni mwa migomba, padre akiharakisha sala kwa sababu wingu lilikuwa limeshuka. Niliporudi Biharamulo nilifungua safu ya Ngara nikafuta droo yake. Ilikuwa mistari michache tu. Niliifuta taratibu, herufi moja moja, ingawa ningeweza kuifuta yote kwa mara moja. Kisha nikatoka nje nikasimama uani mpaka mwenzangu alipokuja kuniuliza kama niko sawa.

Zaidi ya mwaka ukapita. Kiangazi cha mwaka uliofuata kilikuwa kikali kwelikweli. Vumbi la barabarani lilikaa juu ya majani ya migomba mpaka ukashindwa kujua rangi yake. Asubuhi moja nikafungua ramani, nikijua nitakuta kijivu tupu upande wa Ngara. Bugarama kijivu. Murusagamba kijivu. Halafu, katikati ya Murusagamba, nukta moja ya bluu.

Nikaibonyeza. Likatokea jina la shangazi. Chini ya jina kulikuwa na maneno yaliyoingia asubuhi ile ile:

"Malahaba. 14."

Nakumbuka nilisikia baridi miguuni, kama mtu aliyekanyaga saruji yenye maji. Nilifunga ramani, nikaifungua tena. Nukta ilikuwa pale pale, juu ya nyumba ninayoijua mlango na madirisha yake. Nikafungua safu ya Ngara ili nimtafute nimfute. Hakuwemo. Nilikuwa nimeshamfuta tangu mwaka jana, na pale alipokuwa palikuwa pameziba, msomaji wa juu yake akifuatwa na wa chini yake kana kwamba hakuna aliyewahi kukaa katikati yao.

Kesho yake akarudi. "Malahaba. 9. Mvua ndogo rakini nzuri."

Sikumwambia mtu. Nilijiambia kuna kosa mahali, na kosa la programu lina chanzo, na chanzo hutafutwa. Lakini nilipokuwa nyumbani napika nilijikuta nimezima redio ili nisikilize, na sikujua nilitaka kusikia nini. Asubuhi nikawa nafika ofisini kabla ya mwenzangu. Siku nyingine kulikuwa na sifuri, siku nyingine mvua nyingi ajabu, na kote kuzunguka nyumba ile wasomaji wetu wengine waliandika sifuri, sifuri. Ilikuwa inamnyeshea peke yake.

Bwana shamba wa Bugarama ndiye aliyenitoa kwenye ukimya. Alipiga simu ofisini, sauti yake ya utani.

"Dada, hiyo mvua ya Murusagamba mnaitoa wapi? Sisi huku tunakula vumbi."

"Tunachunguza," nikasema.

"Chunguzeni. Maana nimepita pale juzi. Kwa marehemu shangazi yako, siyo? Hakuna tone." Utani ulikuwa umemwishia mdomoni. "Nani anasoma kile kipima siku hizi?"

Nilimwambia sijui. Nilipokata simu nikamwita mwenzangu, nikamwonyesha kila kitu. Alisoma zile meseji zote, kisha akavuta kiti.

"Mungu amrehemu," akasema. "Tuanze mwanzo. Ujumbe anatumiwa na nani?"

"Hatumiwi na mtu. Nimeshamfuta."

"Kama hatumiwi, anajibu nini? Hii ni malahaba. Mtu hawezi kuitikia kabla hajasalimiwa."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tukaiambia programu ituonyeshe safu ile baada ya kuunganishwa, kabla haijatuma chochote. Majina yakapanda kwenye kioo. Wangu wa Ngara wakaisha, wakaanza wa Biharamulo, na mwisho kabisa, chini ya wote, alikuwepo shangazi yangu.

Mwenzangu akashika kichwa. "Ule mfano," akasema. "Siku ile ya kwanza. Uliniwekea, na mimi sikuutoa."

Kumbe alikuwa mara mbili muda wote. Alipokuwa hai hatukujua, kwa sababu lebo ilikuwa moja na kuunganisha kulimfanya mmoja. Nilipomtoa kwenye safu yangu, yule wa pili alibaki kwenye safu ya mwenzangu, na kila asubuhi programu ilipounganisha, ilimrudisha. Kwa zaidi ya mwaka mzima ilikuwa ikimwamkia mtu aliyelala pembeni mwa migomba. Ilimwamkia kwa jina, ikamuuliza mvua, ikangoja.

Nilidhani nitapumua. Sikupumua. Sasa tulijua anayesalimu ni nani, bado hatukujua anayeitikia.

Mwenzangu alitaka kufuta hapo hapo. Nilimshika mkono. Badala yake tukaenda kuangalia jibu la kwanza liliingia lini. Yale majibu ya kiangazi yalianza majuma machache tu nyuma. Lakini kulikuwa na jingine, la zamani, lililokaa peke yake mahali ambapo programu hutupa meseji zisizo na tarakimu. Lilitoka kwenye namba ile ile. Liliingia kipindi ambacho tulikuwa bado tuko matangani, tunalala kwenye majani sebuleni kwa shangazi. Halikuwa na kipimo. Lilisema tu, "Malahaba."

"Mtandao," mwenzangu akasema haraka. "Meseji huwa inakwama, inakuja kufika baadaye. Aliituma akiwa hai."

"Inawezekana," nikasema. Wote wawili tuliangalia pembeni.

Nikampigia binamu yangu, mtoto wa pekee wa shangazi, ambaye mimi humwita kaka. Nilimuuliza simu ya mama yake iko wapi.

"Iko kwenye sanduku lake la nguo. Kwa nini?"

"Hujawahi kuitumia?"

"Iliisha chaji siku ya mazishi. Sijaiwasha." Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Umesikia nini?"

Nilimwambia nakuja.

Nilipanda basi mpaka Ngara mjini, kutoka pale nikachukua pikipiki, tukapita Bugarama na kushuka njia ya mawe inayokwenda Murusagamba. Nilifika mchana wa jua kali. Jambo la kwanza nililoliendea ni kipima mvua. Kilikuwa bado kimefungwa kwenye nguzo yake. Ndani kulikuwa na vumbi, na utando wa buibui ulikuwa umefunika mdomo mzima. Niliugusa kwa kidole. Ulikuwa mkavu kama karatasi.

Kaka alinisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma. Aliingia ndani akatoka na simu ya mama yake, ile ndogo ya vitufe, imefungwa kwenye leso. Kioo kilikuwa cheusi.

"Piga," akaniambia.

"Tuipige hii?"

"Piga namba yake. Niko nayo hapa mkononi. Tuone."

Nilipiga, nikaweka sauti kubwa. Simu iliyokuwa mkononi mwake haikutikisika. Lakini mahali fulani ilikuwa inaita. Iliita kwa muda mrefu, na sisi wawili tukaitazama ile leso. Kisha mtu akapokea. Nyuma yake jogoo aliwika.

Nikasema kile ambacho programu yangu ingesema. "Shikamoo."

"Malahaba," ikajibu sauti ya mama mtu mzima, nzito, yenye kukwaruza kidogo.

Kaka alikaa chini pale pale, kwenye vumbi.

"Ni wewe?" sauti ikauliza. "Wewe unayenisalimia kila asubuhi? Leo umekuja kwa sauti."

Kaka akainua uso akamwuliza yuko wapi. Aliuliza kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kama anavyouliza mtoto kwa mama yake.

"Huyo anasema nini?" mama yule akauliza. "Aseme Kiswahili, simwelewi."

Nikamwona kaka akifumba macho. Sijui kama ilikuwa nafuu au ni msiba wa pili. Niliuliza mimi, kwa Kiswahili.

"Niko nyumbani kwangu," akasema. "Nyarubungo."

Siku chache baadaye nikaenda Nyarubungo. Si mbali na ofisini kwangu, ila ni upande mwingine kabisa wa mkoa ukilinganisha na kwetu. Nilimkuta akigeuza mihogo iliyoanikwa kwenye turubai. Alikuwa mrefu, ana macho yenye ukungu, na alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili mpaka nilipokaa. Kila kitu alichonieleza kilikuwa cha kawaida. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu huichukua na kuiuza upya. Mwanawe, anayefanya kazi machimboni, alimnunulia laini mnadani baada ya mavuno ya mahindi ya mwaka huu. Asubuhi iliyofuata simu ikalia. Jirani yake, mama mwenye duka la sabuni na chumvi, akamsomea.

"Akanisomea shikamoo," alisema. "Nikamwambia, nani huyo? Akasema hajajitaja, ila anakuita fulani, na anauliza mvua. Jina si langu. Nikajua amekosea namba."

"Kwa nini ulijibu, mama?"

Aliniangalia kama vile shangazi alivyoniangalia nilipokuwa nauliza mambo ya kitoto.

"Siku ya kwanza sikujibu. Kesho akaamkia tena. Keshokutwa tena. Mtu anaamkia kila siku na haitikiwi, hachoki. Nikaona aibu. Nikamwambia jirani, mwandikie malahaba. Na kwa kuwa anauliza mvua, mvua ikaanza kunyesha huku kwetu kabla ya wakati wake, nikatoa sufuria nje."

Alinionyesha. Ilikuwa sufuria ya alumini, na rula ya plastiki ya mwanafunzi. Asubuhi aliichomeka rula ndani na jirani akasoma. Sufuria ilikuwa imewekwa chini ya ukingo wa paa la bati, ndiyo maana mvua yake ilikuwa nyingi kuliko ya mtu yeyote. Nilipomweleza alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Kumbe nilikuwa nakupa mvua ya bati lote!"

Nilimuuliza, kama kwa kupita, kama alikuwa na laini ile mwaka jana, wakati wa masika. Akasema mwaka jana hakuwa na simu kabisa. Sikumtajia ile malahaba ya wakati wa matanga.

Kabla sijaondoka nilimwambia ukweli: jina lile ni la shangazi yangu, alishafariki, na kesho nitaliondoa, nitamwandikisha yeye kwa jina lake kama akipenda kuendelea. Aliacha kucheka. Alikaa akiitazama mihogo yake.

"Pole sana," akasema. Kisha: "Mvua nitaendelea. Jina lakini… liache."

"Mama, si lako."

"Najua si langu. La kwangu hakuna anayeliita. Watoto wananiita mama, wajukuu bibi. Hilo ninaitwa kila asubuhi, na jirani naye sasa ananiita hivyo, na wateja wake dukani wameanza. Nikiitwa nageuka."

Wakati huohuo jirani alipita na ndoo, akamwita kwa jina la shangazi yangu amletee kisu. Akageuka.

Ofisini tulibishana, mimi na mwenzangu. Yeye alitaka taarifa ziwe sahihi, na alikuwa na haki. Mwishowe tukafanya hivi: tulifuta droo ya zamani, safari hii kwenye safu zote mbili, tukaunganisha na kuhakikisha kwamba harudi. Kisha kwenye safu ya Biharamulo tukamwandika mama wa Nyarubungo kwa jina lake la ubatizo, na nukta yake ikahamia kwake. Ila kwenye ile droo niliongeza kitu kimoja kidogo, jina la kusalimiwa, na hapo nikaacha lile alilolitaka. Mwenzangu aliona, akaihifadhi hivyo hivyo.

Nilimpigia kaka kumweleza. Nilitegemea atakasirika. Aliniuliza tu njia ya kwenda Nyarubungo.

Alikwenda baada ya mvua zetu kuanza, amevaa shati lake la kanisani, na mkungu wa ndizi uliofungwa kwa majani. Hakutaka nimsindikize. Alilala kule. Alipopita ofisini kwangu wakati wa kurudi alikuwa na mfuko wa unga wa muhogo aliopewa, akauweka chini ya meza yangu akakaa.

"Mmeongea nini?" nikamuuliza.

"Aliniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza."

"Na yeye ulimwita nani?"

Alitazama dirishani, pikipiki zikipita kwenye tope.

"Ana mikono mikubwa," akasema. "Mama hakuwa na mikono ile."

Kisha akaomba maji ya kunywa, akanywa yote, akaenda kuwahi basi la Ngara.